Nani Anamlea Kipa Namba Mbili?

Ligi Kuu Tanzania Bara ina timu 16. Kila timu, kwa mazoea, husajili makipa watatu. Hao ni makipa 48 wanaoamka asubuhi, wanavaa glovu na kwenda mazoezini. Siku ya mechi ikifika, nafasi za kudaka ni 16 tu. Waliobaki 32 wanakaa: wengine benchi wamevaa vizibao, wengine jukwaani na nguo zao za nyumbani. Na kwa kuwa kipa hatolewi uwanjani kama winga aliyechoka, baadhi yao humaliza mechi zote 30 za msimu bila kugusa mpira hata mmoja wa ushindani.

Swali ninalotaka tulichambue ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: kuwa kipa namba mbili ni kazi, au ni foleni tu ya kusubiria kazi? Nauliza kwa ajili ya kijana yeyote wa Mtua pale Nachingwea, au wa vijiji vya Ruangwa, mwenye urefu, mwenye mikono, mwenye moyo wa kujirusha kwenye udongo mgumu wa kiangazi, ambaye siku moja ataambiwa kuna timu kubwa ya Dar es Salaam inamtaka akawe wa tatu nyuma ya Mmali au Mguinea. Aende? Jibu langu nitalitoa waziwazi. Kwanza tuitazame kazi yenyewe.

Kusini tulizoea kuitazama ligi kwa mbali. Ndanda ya Mtwara ilipanda 2014, ikashuka 2020, na tangu hapo mikoa ya Lindi na Mtwara imebaki na timu moja Ligi Kuu: Namungo ya Ruangwa, Wauaji wa Kusini, wanaocheza uwanja wenye jina la Kassim Majaliwa, mbunge wa zamani wa Ruangwa aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025. Namungo ilipanda 2019 na msimu wa kwanza tu ikamaliza nafasi ya nne. Agosti 2, 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Sumbawanga na kufungwa na Simba 2-1, na kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaenda Ruangwa. Timu ya wilaya, ambayo miaka michache nyuma haikujulikana hata Mtwara mjini, ikafika hatua ya makundi na kupangwa na Raja Casablanca na Pyramids.

Katika safari ile kuna tukio ambalo kila mwenye timu anapaswa kulikumbuka anapoandika orodha ya wachezaji. Februari 2021 Namungo ilitua Luanda kucheza na 1º de Agosto. Vipimo vya Uviko-19 vikatoka, baadhi ya watu wa msafara wakakutwa na maambukizi, mechi ikafutwa, na CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Namungo ilishinda ya kwanza 6-2, ikafungwa ya pili 3-1, ikapita. Furaha ya kufuzu iliwasahaulisha wengi somo lenyewe: kikosi kinaweza kupukutika kwa siku moja, na hapo ndipo unapomtafuta mtu uliyemweka benchi miezi sita bila kumsemesha.

Kwa mikoa miwili, basi, nafasi za makipa wa Ligi Kuu ni tatu, na ya kucheza ni moja. Hata hiyo moja haimsubiri mtoto wa Nachingwea. Msimu wa 2024/25 Namungo ilikuwa na Jonathan Nahimana, aliyedakia Burundi kwenye AFCON ya 2019, na Beno Kakolanya, aliyepitia Tanzania Prisons, Yanga, Simba na Singida. Silalamiki, timu inayotaka kubaki Ligi Kuu husajili watu wa namna hiyo. Nasema tu kwamba mlango ni mwembamba tangu nyumbani, kabla hata hujafika Kariakoo.

Sasa kazi yenyewe. Fika uwanja wowote wa Ligi Kuu saa moja hivi kabla ya mpira kuanza. Watu wa kwanza kutoka vyumbani ni makipa na kocha wao, na begi la mipira. Namba moja anaingia golini. Namba mbili anasimama ukingoni mwa eneo la hatari na kuanza kumpigia: mpira wa chini kushoto, wa chini kulia, wa kifuani, kisha anahamia pembeni kumpigia krosi. Mtazame vizuri huyu anayepiga, maana mashuti yake yana kipimo. Yanatakiwa yawe makali kiasi cha kumwamsha mwenzake, lakini si makali ya kumfunga mfululizo, kwa sababu kipa aliyetunguliwa mara nne dakika ishirini kabla ya mechi anaingia uwanjani na shaka. Yaani kazi ya namba mbili wakati huo ni kumjengea imani mtu ambaye, akiumia au akiboronga, ndipo yeye apate kula. Namba moja akishaingia ndani kuvaa jezi, namba mbili anabaki kusaidia kukusanya mipira.

Hakuna nafasi nyingine uwanjani yenye mtihani huo. Straika wa akiba anaweza kupangwa winga. Beki wa kulia aliyekosa namba anaweza kusogezwa kati. Kiungo wa akiba anajua kwamba kuna mabadiliko matano na huenda dakika ya 70 akaitwa. Kipa hana pa kuhamia wala dakika ya kuisubiri. Mlango wake hufunguliwa na moja kati ya mambo manne: mwenzake aumie, apewe kadi nyekundu, aitwe timu ya taifa, au ashuke kiwango mpaka jukwaa lianze kupiga kelele. Matatu ya hayo ni balaa la mtu anayekaa naye chumba kimoja kambini. Kipa mwenye roho safi inambidi asali yasitokee, huku akijiandaa kila siku kana kwamba yatatokea kesho.

Na hutokea. Mfano ulio karibu zaidi, ambao kila shabiki wa nchi hii anaukumbuka, ni wa Aprili 2023. Aishi Manula, kipa namba moja wa Simba na Taifa Stars tangu ahame Azam mwaka 2017, aliumia. Kakolanya, aliyekaa nyuma yake tangu 2019, naye hakuwepo. Akabaki Ally Salim, kijana aliyelelewa timu za vijana za Simba, wa tatu kwenye foleni, ambaye mashabiki wengi hawakuwahi kumwona akidaka mechi kubwa. Aprili 16 akapangwa dhidi ya Yanga. Tuseme ukweli: nusu ya waliovaa nyekundu siku ile waliingia uwanjani wakiwa na hofu, na nusu ya waliovaa kijani na njano walikuwa wameshahesabu mabao. Simba ilishinda 2-0. Siku sita baadaye kijana huyohuyo alikuwa golini Simba ilipoifunga Wydad Casablanca 1-0, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Aprili 28 akasimama tena Casablanca, Simba ikafungwa 1-0 na kutolewa kwa penalti 4-3 tu na waliokuwa mabingwa watetezi.

Agosti 13 mwaka huohuo, Mkwakwani Tanga, Ngao ya Jamii dhidi ya Yanga iliisha 0-0 na kwenda kwenye matuta. Ally Salim aliokoa penalti tatu. Simba ikashinda 3-1 na kubeba Ngao.

Nimeyakumbuka haya kwa kirefu kwa sababu ya kilichofuata, ambacho kwangu ndicho kiini cha suala zima. Msimu uleule Simba ilimleta Ayoub Lakred kutoka Morocco, na Lakred akawa namba moja. Lakred alipoumia kwenye maandalizi ya msimu wa 2024/25, Simba ilikwenda Guinea kumchukua Moussa Camara wa Horoya, ambaye alimaliza ligi akiwa na mechi 19 bila kufungwa. Kwa namba hizo huwezi kuilaumu klabu kwa usajili wa Camara, na mimi siilaumu. Lakini kijana aliyeishika dabi, akaishika Wydad, akaokoa penalti tatu Mkwakwani, alirudi benchi mara mbili ndani ya mwaka mmoja bila kwanza kupewa msimu wa kujaribiwa. Mechi zake bora hazikumpandisha cheo. Zilihesabika kama zimamoto: moto umezimika, asante, rudi kituoni.

Kuna wanaosema hiyo ndiyo kawaida ya soka la ushindani, anayetaka kulia akalilie nyumbani. Nakubali nusu. Klabu inayocheza Ligi ya Mabingwa haina ruhusa ya kufanya majaribio golini. Ninachokataa ni fikra kwamba kipa wa pili na wa tatu ni mtu wa kukamilisha idadi tu. Anayefikiri hivyo akumbuke kilichowakuta majirani zetu Wakomoro.

Januari 2022, AFCON ya Cameroon, Comoro walikuwa wameishangaza Afrika kwa kuifunga Ghana 3-2 na kuitupa nje. Hatua ya 16 bora wakapangwa na wenyeji. Kipa wao Salim Ben Boina alikuwa majeruhi. Makipa wengine wawili, Ali Ahamada na Moyadh Ousseini, wakakutwa na Uviko-19. Kikosi kilikwenda na makipa watatu kama inavyotakiwa, na Januari 24 hakikuwa na hata mmoja. Sheria ya 3 ya soka inasema timu lazima iwe na mlinda mlango, haisemi lazima awe amesomea. Akavalishwa jezi ya kipa beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, namba yake 3 ikibandikwa mgongoni kwa utepe. Comoro ikapata kadi nyekundu mapema, ikabaki watu kumi, na bado ikafungwa 2-1 tu, huku Alhadhur akiokoa mipira ambayo makipa wa kweli wangejivunia. Dunia ilimshangilia, na alistahili. Mimi niliwafikiria wale wawili waliozuiwa: miaka mingapi mtu amekaa benchi akisubiri siku ya namna hiyo, halafu siku yenyewe inamkuta chumba cha karantini. Ahamada baadaye mwaka huo alikuja Azam FC.

Upande wa pili wa shilingi ni huu. Novemba 5, 2023 Manula, aliyefanyiwa upasuaji na kukaa nje miezi mingi, alirudi golini moja kwa moja kwenye dabi ya Kariakoo. Yanga walishinda 5-1. Wapo waliomtupia Manula lawama zote, na siku mbili baadaye kocha wa Simba, Robertinho, akafungashiwa virago. Mabeki walicheza vibaya siku ile, na Yanga walikuwa na timu kali, hilo halina ubishi. Lakini ukiitazama kwa jicho la makipa, ile ilikuwa mechi ya mtu ambaye mwili umepona na macho bado. Kipa huishi kwa hesabu ndogondogo: hatua ngapi nitoke kwenye krosi hii, beki wangu ataacha au atacheza, mpira wa kurudishiwa unakuja kwa kasi gani. Hesabu hizo hazifundishiki mazoezini kwa ukamilifu, kwa sababu mazoezini hakuna anayekugonga kwa nia ya kushinda. Zinachacha usipozitumia. Na kama zilimchachia kipa bora wa nchi kwa miezi saba, zinakuwaje kwa kijana ambaye hajacheza misimu miwili?

Hapa naomba msomaji anifuate mbali kidogo, mpaka Marekani, kwenye besiboli. Mchezo ule una mtu anayeitwa mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na kinyago usoni, akipokea mipira ya kasi mechi nzima. Magoti humwisha. Ligi yao kuu ina mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, kwa hiyo hakuna mdakaji anayeweza kuzicheza zote. Klabu inalazimika kumpa wa akiba mechi kila wiki, mara nyingine anapangwa kila anaporusha mrushaji fulani anayeelewana naye. Matokeo yake, mdakaji wa akiba kule ni kazi inayotambulika. Mtu anaweza kuifanya miaka kumi na zaidi, timu moja hadi nyingine, akiheshimiwa kwa akili yake na kwa jinsi anavyowatuliza warushaji vijana. David Ross aliifanya sehemu kubwa ya maisha yake ya mchezo, na mwaka 2016, akiwa na miaka 39, alipiga hom-rani, yaani pigo la kuutoa mpira nje ya uwanja, kwenye mechi ya saba ya fainali iliyoipa Chicago Cubs ubingwa. Miaka minne baadaye alikuwa meneja wa timu hiyohiyo. Bruce Bochy, mdakaji wa akiba asiyekumbukwa kwa kupiga, alikuja kutwaa ubingwa akiwa meneja mara nne: 2010, 2012, 2014 na 2023.

Tofauti na kwetu haiko kwenye huruma. Iko kwenye kalenda. Kule ratiba inamlazimisha kocha kumchezesha namba mbili. Huku mechi 30 zinamruhusu kumsahau. Kwa hiyo kile ambacho kalenda haitufanyii inabidi tukifanye kwa uamuzi. Na nafasi zipo. Kuna Kombe la Shirikisho, ambalo raundi zake za mwanzo timu za Ligi Kuu hukutana na timu za madaraja ya chini. Kuna Kombe la Mapinduzi Zanzibar kila Januari. Kuna mechi za mwisho wa msimu ambazo hazibadilishi nafasi ya mtu. Klabu kadhaa za Ulaya zimekwishaamua: kombe ni la kipa wa pili, mpaka fainali, na kila mtu anajua tangu Julai. Kwetu kocha hufanya hivyo raundi ya kwanza, akifika robo fainali anaogopa na kumrudisha namba moja. Kijana anaambiwa kwa vitendo kwamba aliaminiwa kwa mechi zisizo na maana.

Wapo pia makocha waliomtumia kipa wa pili kwa ujanja wa namna nyingine. Kombe la Dunia 2014, Uholanzi na Costa Rica, dakika za nyongeza zikiyoyoma, Louis van Gaal alimtoa Jasper Cillessen akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul alikuwa ameandaliwa kwa siri, Cillessen hakuambiwa. Akaokoa mbili, Uholanzi ikapita. Ule haukuwa ubahatishaji. Kulikuwa na mtu aliyekaa benchi akisoma wapigaji mmoja mmoja, na kocha aliyejua ana nini. Ni benchi ngapi za Ligi Kuu yetu ambapo kocha anaweza kusema kwa uhakika ni yupi kati ya makipa wake watatu anaokoa penalti zaidi?

Tuje kwenye suala la makipa wa kigeni, ambalo hapa nyumbani humaliza mjadala kabla haujaanza. Djigui Diarra wa Mali alikuja Yanga 2021 na kupandisha kiwango cha golini kwa nchi nzima, hasa uchezaji wa miguu. Akaja Lakred, akaja Camara, Azam wakamleta Mohamed Mustafa wa Sudan, na Coastal Union ya Tanga ikamleta Ley Matampi wa Kongo aliyeibuka kipa bora wa msimu wa 2023/24. Sioni sababu ya kuwafukuza. Abuutwalib Mshery na Metacha Mnata waliokaa nyuma ya Diarra walimwona kipa wa daraja la juu kila asubuhi bila nauli ya kwenda Bamako. Tatizo ni kwamba kumwona hakutoshi. Hesabu inauma ukiiangalia kutoka timu ya taifa. AFCON iliyochezwa Januari 2024 Tanzania ilikwenda na Manula, Kakolanya na Kwesi Kawawa aliyekuwa akicheza Sweden. Manula, aliyekuwa ametoka kwenye majeraha, alidaka mechi zote tatu. Nchi ya watu zaidi ya milioni 60 ilikuwa inategemea goti na bega la mtu mmoja.

Wahenga walituachia kwamba mvumilivu hula mbivu. Kwa makipa methali hiyo inahitaji nyongeza: avumilie akiwa wapi? Mganda Denis Onyango alijiunga na Mamelodi Sundowns mwaka 2011 na kukuta foleni. Hakuing'ang'ania. Alitoka kwa mkopo, akadaka Bidvest Wits, akarudi akiwa na mechi miguuni, na 2016 akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika na tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Uvumilivu wake ulikuwa wa kutembea. Na alipokuja Ronwen Williams mwaka 2022, Onyango akarudi kuwa wa pili bila kelele, mzee wa chumba anayesikilizwa. Ukitaka kuona maisha ya kipa kwa ukamilifu, yako pale: mwanzo benchi, katikati utukufu, mwisho benchi tena, na heshima kote.

Hapa kwetu Juma Kaseja ndiye mwalimu wa jambo hili. Mwaka 2003 alikuwa golini Simba ilipoitoa Zamalek kwa penalti kulekule Cairo. Muongo mmoja baadaye alihamia Yanga na kujikuta benchi. Wengi walimzika. Yeye akashuka ngazi: Mbeya City, Kagera Sugar, kisha KMC, ambako Nahimana wa Burundi naye alikuwepo. Mwaka 2019, akiwa na miaka 34, akaitwa tena Taifa Stars, akaokoa penalti Nairobi dhidi ya Kenya kuwania CHAN, na mwezi mmoja baadaye dhidi ya Burundi kuwania Kombe la Dunia. Kilichomrudisha ni zile mechi za Kagera na KMC ambazo hazikuwa kwenye magazeti. Kaseja angebaki anasugua benchi la timu kubwa kwa ajili ya jina la jezi, tungekuwa tumemsahau.

Kakolanya alichagua vingine. Alikaa Simba misimu minne nyuma ya Manula, akapata medali za ubingwa, akaitwa timu ya taifa akiwa kipa wa pili, kisha akatoka kutafuta goli lake Singida na baadaye Ruangwa. Siwezi kusema alikosea. Kipa wa pili wa bingwa anaweza kuishi vizuri kuliko kipa wa kwanza wa timu inayodaiwa mishahara, na mwenye familia hali sifa. Scott Carson alikaa Manchester City misimu sita, akacheza mechi mbili, akaondoka na medali nyingi kuliko makipa wengi wa kizazi chake. Hata hivyo Carson alifika pale akiwa ameshacheza mamia ya mechi na amevaa jezi ya Uingereza. Benchi lilimkuta ana kazi tayari. Kijana wa miaka 19 likimkuta kabla hajaipata kazi, anazeeka bila kujua yeye ni kipa wa namna gani.

Kuhusu fedha nitasema machache. Mikataba yetu haiwekwi wazi, na sitaki kukisia mishahara ya watu. Lakini kanuni inaweza kusemwa: bonasi inayolipwa kwa aliyecheza tu inamwadhibu kipa wa pili kwa uamuzi usio wake. Mchezaji mwingine wa akiba anaweza kujituma akapata dakika. Huyu hata ajitume vipi, kama namba moja yuko fiti, hapati. Anayelipwa ili awe tayari alipwe kwa kuwa tayari, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba.

Sehemu inayonigusa zaidi ni huku chini. Kwenye viwanja vya shule za Nachingwea na Ruangwa, kama kwingineko, mtoto hupelekwa golini kwa sababu hajui chenga, au ni mdogo kuliko wenzake. Anadaka bila glovu kwenye ardhi ya changarawe. Anafika UMITASHUMTA, akibahatika anafika UMISSETA, na katika safari yote hiyo hajawahi kusimamiwa hata wiki moja na mtu anayejua kumfundisha namna ya kuanguka. Straika anaweza kujifundisha mwenyewe kwa kupiga mpira ukutani. Kipa hawezi, anahitaji mtu wa kumpigia na mtu wa kumrekebisha mkono. Mtu huyo tunaye na hatumtumii: ni kipa namba mbili na namba tatu wa zamani, aliyetumia nusu ya maisha yake akimpasha mwenzake, akisoma mechi kutoka benchi, akimsikiliza kocha wa makipa kuliko hata namba moja alivyomsikiliza. Bochy hakupata akili ya umeneja kwa bahati. Aliipata kwa kukaa miaka akitazama mchezo akiwa na jukumu la kuuelewa.

Sasa lile jibu nililoahidi. Kijana wa Mtua mwenye miaka 18 au 20 asiende kuwa wa tatu Dar es Salaam kama kuna timu ya Championship au First League inayompa goli. Acheze kwanza. Afungwe mabao ya kijinga akiwa Lindi, ayazoee, ayarekebishe, afikishe mechi sitini au themanini miguuni. Akifika miaka 24 au 25 na Simba, Yanga au Azam wakamwita awe wa pili, aende bila kusita, kwa sababu hapo atakuwa na kitu cha kulinda na si cha kutafuta. Na kama ameshasaini mapema, adai kipengele cha mkopo: msimu mmoja ukipita bila mechi kumi za ushindani, atolewe akacheze. Wakala atakayemwambia hilo haliwezekani, abadilishwe.

Kwa viongozi wa Namungo nina ombi moja, na ni la bei nafuu kuliko usajili wowote wa dirisha dogo. Mna uwanja, mna makipa waliodaka AFCON na dabi waliopita mikononi mwenu, na mna wilaya mbili zilizojaa watoto wanaojirusha kwenye changarawe. Chukueni kocha wa makipa, mmoja tu, mpeni mipira na glovu, azunguke shule za Ruangwa na Nachingwea mara moja kwa wiki, na Mtua iwemo kwenye ratiba yake. Kisha raundi zote za Kombe la Shirikisho mwachieni kipa wa pili, hata mkifika fainali.